Wimbo Ulioganda Kichwani: Lini Ni Kawaida, Lini Ni Dalili

Utangulizi

Jumamosi moja alasiri nilikuwa katika Kata ya Pito, Manispaa ya Sumbawanga, nikisubiri usafiri wa kurudi mjini. Jirani na mahali nilipoketi, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Sauti ya besi ilipokosea, mwalimu aliwasimamisha wote na kuwarudisha mwanzo wa kiitikio. Ilipokosea tena, aliwarudisha tena. Kiitikio kile nilikisikia pengine mara thelathini, lakini mwisho wa wimbo sikuusikia, kwa kuwa gari lilifika kabla kwaya haijavuka mahali pale pagumu. Kesho yake asubuhi, ndani ya basi la kwenda Tunduma, redio ikiwa imezimwa na abiria wengi wamesinzia kwa baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, kiitikio kilekile kilianza kuimba kichwani mwangu. Kilikwenda nami hadi Laela, kikapita Laela, na kila kilipofika pale besi ilipokuwa ikikosea, kilirudi mwanzo.

Yamkini kila msomaji ana kisa chake cha aina hii: kibwagizo cha bongofleva, tangazo la redio, wimbo wa kampeni za uchaguzi, au wimbo wa darasa la kwanza uliorudi bila kuitwa. Kwa wengi wetu ni kero ndogo, tena ya kuchekesha. Hata hivyo, katika kazi yangu ya tiba ya afya ya akili nimejifunza kwamba wako watu ambao jambo hili, au jambo linalofanana nalo, ni siri nzito. Wanasikia nyimbo na hawasemi, kwa kuhofu kuambiwa kwamba wamerogwa, au kwamba wanafaa kupelekwa Mirembe. Somo hili ni kwa ajili ya makundi yote mawili, na kwa ajili ya mhudumu wa afya atakayeketi mbele yao.

Baada ya kulisoma, msomaji aweze kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini wimbo huganda kichwani; kutofautisha hali hiyo ya kawaida na dalili za maradhi; na kujua la kufanya au la kumshauri mwenzake.

Jambo lenyewe ni nini?

Wimbo ulioganda kichwani ni kipande cha muziki, aghalabu cha sekunde 15 hadi 30, kinachojitokeza akilini bila kuitwa na kujirudia bila kuamriwa. Mwenye nao hausikii kwa masikio; anaukumbuka kwa nguvu kiasi cha kuhisi kana kwamba unaimbwa. La kushika tangu mwanzo ni hili: mtu huyo anajua kwamba hakuna anayeimba, na kwamba wimbo unatoka katika kumbukumbu yake mwenyewe.

Wanasaikolojia huiita hali hii taswira ya muziki isiyo ya hiari. Wajerumani wana jina la mitaani, Ohrwurm, yaani mnyoo wa sikio. Jina hilo ni mzaha tu. Hakuna mdudu aliyeingia sikioni, dawa ya minyoo haitafaa kitu, na kumimina mafuta au kuchokonoa sikio kwa njiti kunaweza kulijeruhi.

Wala hili halikuletwa na simu za mkononi. Mwaka 1876 mwandishi wa Marekani Mark Twain alichapisha hadithi ya kuchekesha kuhusu mtu aliyesoma beti za mzaha gazetini, zikamganda hata asiweze kufanya kazi, na akapata nafuu pale tu alipomwambukiza rafiki yake. Katika zama zetu, mtafiti Lassi Liikkanen wa Finland alikusanya majibu ya watu zaidi ya 12,000 kwa njia ya intaneti, na takriban tisa kati ya kumi walisema hali hii huwapata angalau mara moja kwa wiki. Jambo linalowapata watu tisa kati ya kumi kila wiki haliwezi kuitwa ugonjwa.

Ubongo usiovumilia pengo

Kwa nini ubongo uimbe bila kuombwa? Jibu la kwanza limo katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005 na David Kraemer na wenzake wa Chuo cha Dartmouth, Marekani. Waliwapigia watu nyimbo huku wakipima utendaji wa ubongo, na katikati ya nyimbo waliondoa sauti kwa sekunde chache. Katika nyimbo ambazo watu walizifahamu, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kusikia, iliyo upande wa pembeni juu ya sikio, iliendelea kufanya kazi wakati wa ukimya, na wahusika walisema waliendelea kuusikia wimbo akilini. Ubongo ulijaza pengo lililoachwa na sikio. Msomaji aikumbuke hoja hii, maana tutairudia tutakapozungumzia wazee.

Jibu la pili ni namna kumbukumbu ya muda mfupi inavyofanya kazi. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza walieleza kwamba akili ina sehemu inayoshikilia sauti kwa kuzirudiarudia kimyakimya, kama tufanyavyo tunapotamka namba ya simu moyoni hadi tupate kalamu. Wataalamu huifananisha na kitanzi, kwa kuwa kinachoingia humo huzunguka. Namba ya simu ikishaandikwa huachiliwa. Wimbo, ambao kwa maumbile yake umejengwa juu ya marudio, hukikuta kitanzi hicho kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake.

Jibu la tatu linahusu mambo yasiyokamilika. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyefanya utafiti wake mjini Berlin, alieleza kwamba watu hukumbuka zaidi kazi iliyokatizwa kuliko iliyomalizika. Wataalamu kadhaa huona kwamba kipande cha wimbo kinachorudi bila kufika mwisho ni kazi ya aina hiyo: akili huanza, hukwama pale isipokumbuka, hurudi mwanzo. Mimi na wimbo wa Pito tulikwama palepale ilipokwama besi.

Nyimbo zipi huganda, na wakati gani?

Kundi la watafiti wa Uingereza lililoongozwa na Kelly Jakubowski lilitumia majibu ya watu 3,000 kulinganisha nyimbo zilizotajwa kuwa huganda na nyingine zilizopata umaarufu sawa lakini hazikutajwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba nyimbo zinazoganda huwa na mwendo wa kasi zaidi. Lahani yake hupanda na kushuka kwa namna iliyozoeleka, rahisi kuimbika. Na ndani yake mna mruko au marudio fulani yasiyotarajiwa. Kwa ufupi, ni rahisi kushika na ina kitu kidogo cha kushangaza. Juu ya hayo, wimbo uliosikika karibuni na mara nyingi ndio hurudi zaidi, na ndiyo sababu wanakwaya hulalamika kuliko waumini wengine katika majuma ya kuelekea Pasaka na Krismasi.

Wakati nao una uzito wake. Mwaka 2013 Ira Hyman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Washington walionyesha kwamba nyimbo hurudi zaidi kazi inapokuwa nyepesi mno hata akili ikazurura, au ngumu mno hata akili ikashindwa kuishika. Mkulima wa Ufipa anayefukia nyasi na kuinua matuta ya mviringo ya ntumba, mama anayechambua maharage, dereva katika barabara iliyonyooka, muuguzi anayehesabu vidonge saa tisa za usiku: mikono ina kazi, akili ina nafasi, na wimbo huingia. Uchovu, msongo wa mawazo na upweke nao hufungua mlango.

Tabia hii ya ubongo ina faida, na wahudumu wa afya wamekuwa wakiitumia tangu zamani. Katika kliniki za mama na mtoto, nyimbo za kunyonyesha, lishe na chanjo huimbwa kabla ya upimaji kuanza. Kampeni ya kitaifa ya Nyumba ni Choo ilimtumia msanii Mrisho Mpoto kwa sababu hiyohiyo, na wengi wetu tulijikuta tukiiimba tukiwa na shughuli nyingine kabisa. Wanaofundisha kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama hutumia wimbo wa Bee Gees wa mwaka 1977, Stayin' Alive, kwa kuwa mwendo wake unaangukia ndani ya mikandamizo 100 hadi 120 inayotakiwa kwa dakika.

Hapa mhudumu azingatie jambo moja. Kinachoganda ni kibwagizo, beti husahaulika. Ikiwa ujumbe muhimu, kwa mfano tarehe ya kurudi kliniki au dalili ya hatari kwa mjamzito, umewekwa katika ubeti wa tatu, mama atarudi nyumbani na lahani nzuri isiyobeba kitu. Ujumbe uwekwe katika kiitikio, uwe mfupi, na uwe sahihi, maana kosa nalo huganda.

Hali tatu zinazofanana

Mgonjwa anaposema, "Nasikia nyimbo kichwani," anaweza kumaanisha mambo matatu yaliyo tofauti sana. Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya kufundishia na haimhusu mgonjwa yeyote.

Hali ya kwanza ni wimbo ulioganda. Mwanafunzi wa sekondari analalamika kwamba wimbo uliotamba kwenye harusi ya dada yake unamrudia anapojisomea. Anajua unatoka kichwani mwake, unabadilika siku kwa siku, na anapocheza mpira husahau. Huyu hahitaji dawa. Anahitaji maelezo na mbinu zitakazotajwa hapa chini.

Hali ya pili ni wimbo uliogeuka wazo sumbufu. Kijana anaandamwa na kipande kimoja kwa saa nyingi za siku, kwa miezi. Naye anajua kwamba kinatoka akilini mwake, ila kinamletea dhiki. Amejiwekea utaratibu wa kukifuta: lazima ahesabu hadi saba, au arudie maneno fulani, na akikosea aanze upya. Amepunguza kazi, amekwepa redio, amekwepa ibada. Hii inaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wa mawazo sumbufu na matendo ya kujirudia. Una tiba: mazungumzo ya kitaalamu yanayomfundisha mgonjwa kuliacha wazo lipite bila kulitii, na dawa pale inapobidi. Apewe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Hali ya tatu ndiyo inayokosewa zaidi. Bibi wa miaka 74, aliyeanza kusikia kwa shida miaka kadhaa iliyopita, anasema kila usiku kwaya inaimba nyuma ya nyumba. Ni nyimbo za kanisani alizoimba akiwa binti. Mwanzoni alitoka nje na kibatari kutafuta waimbaji; siku hizi huketi kitandani na wakati mwingine huitikia. Akili yake ni timamu: anajua siku, anajua wajukuu wake kwa majina, anapika na kuhesabu fedha zake. Tofauti na wawili wa kwanza, yeye anausikia muziki kana kwamba unatoka nje. Haya huitwa maruweruwe ya muziki.

Tukumbuke sasa lile jaribio la pengo. Sikio linapodhoofika, sehemu ya ubongo inayopokea sauti hubaki bila kazi ya kutosha, na baadhi ya watu hujaziwa ukimya huo na muziki kutoka katika hazina ya kumbukumbu. Ndiyo maana hali hii huwapata zaidi wazee, wengi wao wanawake, wenye usikivu uliopungua, na huzidi mahali palipo kimya. Katika utafiti wa wazee huko Wales uliochapishwa na Nick Warner na Victor Aziz mwaka 2005, nyimbo za dini ndizo zilizosikika kuliko nyingine. Ubongo huimba ulichofundishwa mapema na kurudiwa mara nyingi, na kwa wazee wa Ufipa, kama kwa wale wa Wales, hizo ni nyimbo za kanisani.

Wengi wa wagonjwa hawa hawana ugonjwa wa akili. Tiba huanza na sikio: kuondoa nta iliyoziba, kutibu usaha, kupima usikivu, na kupata shimesikio pale inapowezekana. Redio ya sauti ndogo wakati wa usiku huwasaidia baadhi yao, kwa kuwa huupa ubongo kitu halisi cha kusikiliza. Na maelezo peke yake, yakitolewa kwa upole mbele ya familia, huondoa sehemu kubwa ya dhiki.

Jamii nayo hujaza pengo

Nimemchagua bibi huyo kwa makusudi. Akinyamaza, anabaki na hofu yake peke yake. Akisema, jirani ataeleza jambo asilolielewa kwa maelezo yaliyo karibu. Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu wazee, hasa wanawake, wamepata kushukiwa uchawi na kudhuriwa kwa sababu ndogo kuliko kuimba peke yao usiku wa manane. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni wito wa kuutupa uchawi. Mhudumu anayesema mbele ya watoto na majirani, "Mama yenu masikio yamedhoofika, na ubongo wake unamkumbusha nyimbo za ujana wake," huenda amelinda uhai wa mtu kwa sentensi moja.

Maswali ya mhudumu

Mtu anapoeleza habari ya nyimbo, ulizeni kwa utulivu: Je, unausikia kwa masikio kama unavyonisikia mimi, au unaukumbuka akilini? Je, wengine nao wanausikia? Je, unasikia pia watu wakizungumza au kukuamuru? Je, usikivu wako ukoje, na unatumia dawa gani? Je, unalala, unakula, una hamu ya kuishi?

Swali la dawa lisisahauliwe. Kwinini na aspirini kwa kipimo kikubwa huleta mvumo masikioni, na dawa za jamii ya streptomaisini na jentamaisini zinaweza kuharibu usikivu. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake. Arudi kwa aliyemwandikia.

Rufaa ya haraka inahitajika ikiwa:
- muziki umeanza ghafla pamoja na kichwa kuuma sana, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au usemi uliopotoka;
- unakuja kwa vipindi vifupi vinavyofanana, na mtu hupotewa na fahamu au hukodoa macho bila kujibu, jambo linaloweza kuwa kifafa;
- kuna homa na kuchanganyikiwa;
- mtu aliyezoea pombe nyingi ameiacha ghafla, anatetemeka na haelewi alipo;
- kuna sauti zinazoamuru, au mawazo ya kujidhuru.

Mbinu za nyumbani kwa wimbo ulioganda

Usipigane nao. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu huyo akazidi kuwajia. Wimbo unaofukuzwa kwa hasira hurudi vivyo hivyo. Uache uimbe pembeni, nawe endelea na shughuli yako.

Umalize. Usikilize au uuimbe wote, mwanzo hadi mwisho. Ikiwa hujui mwisho wake, muulize anayeujua.

Ipe akili kazi ya wastani: kusoma kitabu, kucheza bao, kufumbua mafumbo ya maneno, kuzungumza na mtu. Iwe kazi ya kushughulisha bila kulemea.

Shughulisha taya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha kwamba kutafuna ubani wa kutafuna kulipunguza kurudi kwa nyimbo, kwa kuwa viungo vya usemi tunavyovitumia kuimba kimyakimya huwa vimeshikwa na kazi nyingine.

Linda usingizi. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walionyesha mwaka 2021 kwamba nyimbo zinazozunguka kichwani usiku huendana na usingizi mbaya, na kwamba muziki wa ala bila maneno uliosikilizwa kabla ya kulala ulileta tatizo hilo zaidi. Anayesumbuliwa azime muziki mapema kabla ya kupanda kitandani.

Hitimisho

Wimbo ulioganda ni alama ya ubongo wenye afya unaokumbuka, unaotabiri na unaojaza mapengo. Ukileta dhiki ya muda mrefu, una tiba. Ukisikika kutoka nje, anza na sikio. Katika hali zote tatu, hatua ya kwanza ni mtu kuthubutu kusema, na mwenzake kusikiliza bila kushtuka.

Nami niliporudi Pito safari iliyofuata, nilimtafuta mwalimu wa kwaya nikamwomba aniimbie wimbo ule hadi mwisho. Alicheka sana, akauimba. Haujarudi tena.

Maswali ya kujipima

1. Ni swali gani moja linalotenganisha wimbo ulioganda na maruweruwe ya muziki?
Jibu: Kama mtu anausikia kutoka nje kwa masikio, au anautambua kuwa ni kumbukumbu yake mwenyewe.

2. Mzee asiyesikia vizuri anasema anasikia kwaya usiku, na akili yake ni timamu. Utaanzia wapi?
Jibu: Kuchunguza masikio na usikivu, kupitia dawa anazotumia, na kuielimisha familia.

3. Unatunga wimbo wa kuhimiza chanjo. Ujumbe mkuu utauweka wapi?
Jibu: Katika kiitikio.